Operesheni Haramu

Msinione nimenyamaza mkadhani nimesahau. Mwaka wa tisini na saba nilikuwa karani wa zahanati ya kanisa hapa Mwingi. Huo mradi wetu wa afya, uliolipiwa na wafadhili Wazungu, kila mtu aliuita Programu. Hao hao ndio waliotuletea kompyuta. Kabla yake nilichapa kwa taipureta, na sikuwahi kutishwa na mashine.

Jumanne moja nikiandika ripoti ya chanjo, kompyuta ikagoma, ikatoa kisanduku cha maneno ya Kiingereza: programu hii imefanya operesheni haramu na itafungwa. Haki ya Mungu, jasho lilinitoka! Nikamkimbilia mwenyekiti wa zahanati, Mzee Mwangangi. Akavaa miwani, akasoma mara tatu, akakaa chini.

"Kalondu, wamejua. Wanatufungia."

"Wamejua nini, mzee?"

"Operesheni! Nani hapa amemtoa mtu mimba?"

Operesheni kwetu ni kisu. Na operesheni haramu, kwenye zahanati ya kanisa, ni jambo moja tu. Wiki iliyotangulia Sista Nthenya, nesi wetu wa pekee, alikuwa amemsafisha kizazi msichana wa shule ambaye mimba yake iliharibika akiwa njiani kuja kwetu. Alimwokoa yule msichana. Mimi mwenyewe nilishika beseni. Lakini Mzee alipouliza nani wiki ile aliingia na mgonjwa nyuma ya pazia la matibabu, mimi mjinga nikamtaja Nthenya, nikaishia hapo. Niliogopa kuulizwa nami nilifuata nini huko.

Ijumaa wazee wa kanisa wakaketi. Nthenya akawaambia, "Mimba ilikuwa imeshatoka. Si mumuulize Kalondu? Alinishikia beseni."

Wote wakanigeukia. Nikatazama sakafu.

Jumapili jina lake likasomwa mbele ya kanisa zima kuwa mtoa mimba, naye amekaa pale pale na mama yake. Barua ya kumfukuza niliichapa mimi. Nakala ikapelekwa kwa Wazungu, ili wasitufunge.

Baada ya wiki mbili akaja Salim, fundi wa kompyuta, kuitazama mashine. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika meza.

"Dada, programu ni hii ya kuandikia, iko humu ndani! Imekorogeka, ikajifunga. Unaifungua tena, unaendelea na kazi yako."

Mzee Mwangangi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Akasema jambo lililotangazwa kanisani halirudishwi, watu watatuona watoto. Kisha akachukua kofia yake akaenda zake.

Salim akaokota nakala ya barua ya Nthenya mezani, akaisoma yote. Kicheko kikamwisha.

"Hii mliichapa na nini?"

"Na hiyo hiyo. Niliizima, nikaiwasha."

"Ikafanya kazi?"

"Ikafanya. Vizuri tu."

"Na hukumwambia mtu kwamba imefunguka?"

Nikatazama sakafu tena.