Mstari Mmoja wa Fomu

Fomu ya chuo kikuu ilikuwa na mistari minne. Mimi niliandika mmoja, mitatu nikaiacha wazi kama madirisha ya nyumba isiyo na wenyewe.

Sikukosea kwa kutojua. Mwalimu Absalom, aliyetufundisha hesabu, alinirudishia karatasi ile mbele ya darasa zima. "Idarusi, jaza vyuo vyote vinne. Ukikosa cha kwanza, upate cha pili." Nikamjibu kwamba mtu anayejitandikia pa kuangukia ameshaanza kuanguka. Darasa likacheka, nami nikavimba kichwa. Mutua, niliyekaa naye dawati moja, hakucheka. Alikuwa anajaza mstari wake wa nne.

Aliyenitia nguvu ni baba. Nilikuwa nimemweleza habari ya mistari ile barazani kwetu, Kisauni. Baba, fundi Stambuli, ni mwashi. Hajui Kiingereza, na herufi anazozisoma ni za Msahafu tu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Vyuo vyote vinne utaviomba kwa siku moja?"

"Ndiyo, baba."

"Na kila kimoja kitajua umekwenda kwa wenziwe?"

"Kitajua. Karatasi ni hiyo hiyo."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba nimemwambia kuna mwizi katika ukoo. "Mwanangu, posa haipelekwi nyumba mbili. Unabisha mlango mmoja, unangoja jibu. Ukionekana unazunguka na posa yako mitaani, hata yule aliyekutaka atakufungia."

Maneno yale yalinikaa vizuri, maana yalifanana na kiburi changu. Chuo nilichokitaka kilikuwa kimoja, cha Nairobi, na shahada moja, ya usimamizi wa ujenzi. Miaka miwili nyuma, msimamizi kijana alimwamuru baba abomoe ukuta ambao haukuwa na kosa. Baba alipojaribu kueleza, yule kijana akamwambia, "Mzee, wewe panga mawe. Kufikiri niachie mimi." Baba akashika nyundo akaubomoa. Aliyewaka ni mimi. Niliapa kwamba ramani nitakuja kuishika mwenyewe, na atakayemwambia baba neno lile tena atanikuta mimi mbele yake.

Barua zilifika shuleni mwaka uliofuata. Mwalimu Absalom aliniita ofisini, akafunga mlango. Laiti angenicheka, ningejua la kufanya.

"Umekosa kwa alama moja," akasema, akanipa barua yangu.

"Mutua je?"

"Umemshinda kwa alama nne. Lakini ameitwa na chuo chake cha tatu. Anakwenda kusoma ujenzi."

"Na chuo cha ufundi, hapa mjini?"

"Maombi yalifungwa zamani, Idarusi." Akaitazama meza. "Wewe hukuomba pengine popote."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nanoa maneno. Hasira isiyo na mtu huwatafuta walio karibu, na wa karibu yangu alikuwa mmoja. Nilimtungia baba sentensi fupi, kali, yenye posa ndani yake, ya kumkata mara moja tu. Nilipofika kona ya kwetu nilikuwa nimeshaihifadhi.

Nikamkuta mlangoni amevaa kanzu ya Ijumaa, na siku ilikuwa Jumanne. Alikuwa amesikia kwamba barua zimefika.

"Idarusi!"

"Labeka, baba."

"Wamejibu? Soma nisikie."

"Ni ya Kiingereza, baba."

"Isome vivyo hivyo. Kisha utanifasiria."

Nikaisoma, neno kwa neno. Kila neno la kunikataa lilimpita usoni likamwachia nuru, kama mtu anayesikiliza qasida asiyoijua maana. Mama akatoka jikoni, akasimama nyuma yake na unga mikononi. Sentensi yangu ilikuwa tayari ulimini. Nikaitafuta ile hasira iliyonileta mbio, nikaikuta imenitoka.

"Wamenikubali," nikasema. "Ila mwaka huu wamejaa. Ningoje niitwe."

Hakushuku. Vijana wengi waliokubaliwa miaka ile walikuwa wamekaa kwao wakingoja.

"Alhamdulillahi!" Akanishika bega. "Nilikwambia. Mlango mmoja!"

Jumatatu nilikwenda naye kazini kama nilivyozoea kila likizo. Gari la mawe kutoka machimbo ya Mwakirunge lilikuwa limeshamwaga. Nikavua shati, nikainama.

"Weka chini!" Baba alikuwa amesimama karibu na ngazi. "Wallahi usiliguse. Msomi wa chuo kikuu habebi mawe."

Lewa, mchanganyaji wa zege, akapiga saluti kwa koleo lake. "Bosi, kaa kivulini bwana, usije ukayeyuka! Ukirudi na shahada utukumbuke, au ndiyo utatufukuza wa kwanza?"

Vibarua wakaangua kicheko. Baba alicheka kuwashinda. Akanijia, akanitia mkononi ile ramani ya nyumba iliyokunjwa, akanionyesha kasha la mbao nikalie. Kisha akaliendea jiwe nililoliacha, akalikumbatia, akaliweka begani kwa shida. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Ningeweza kusimama. Neno moja tu lingetosha kumpokonya lile jiwe.

Nikaifungua ramani, nikaikodolea macho.

Katikati ya ngazi baba alisimama kuvuta pumzi. Akanitafuta kule chini kwa macho, na aliponiona nimekaa, akatabasamu.