Sifuri ya Tusekile

Jana usiku niliota niko Darasa la Nne B, naita mahudhurio. Watoto sitini na mmoja, na mimi nimeamka vibaya, kila kitu kinaniudhi, hata rangi ya chaki. Nafika kwa Tusekile, yule binti wa dawati la mbele, na badala ya kuitika "nipo" anaangua kicheko.

"Unacheka nini wewe?"

"Mwalimu, zipu."

Nikainama nikaangalia. Ee Mungu wangu! Na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Darasa zima likaangua kicheko. Nikafunga zipu, na kwa hasira zilezile nikamwekea Tusekile sifuri daftarini, maana yake hayupo, ilhali kaketi palepale ananitazama.

Papo hapo akawa hayupo. Sweta lake lilibaki dawatini, limeketi wima, mikono imekunjwa.

Kicheko kikakatika.

"Mrudishe," nikaliambia daftari la mahudhurio.

"Mwandiko ni wako," likajibu, bila hata kupandisha sauti. "Na mimi sifutwi. Kanuni unazijua, ulizibandika ukutani mwenyewe."

"Basi nifanyeje?"

"Jaza sababu ya kutokuwepo, kabla ya kengele ya kutawanyika. Ambaye hayupo kengele ikilia, hakuwepo."

"Hakuwepo leo?"

"Hakuwahi."

Dirishani naiona kengele yetu, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa, imeanza kuyumba na upepo haupo. Nikaandika: mgonjwa. Ukurasa ukakohoa, neno likadondoka sakafuni. Nikaandika: mtoro. Sweta likaniangalia kwa masikitiko, nalo likadondoka lile neno.

Nafungua mlango nikamwite mwalimu mkuu, najikuta jikoni kwa mama yake Tusekile. Anapakua ndizi. Amepanga sahani nne.

"Karibu mwalimu, kaa," ananiambia vizuri kabisa. Kisha anachukua sahani moja, anaigeuzageuza. "Hivi hii ya nne ni ya nani? Mbona humu ndani tupo watatu?"

"Mama Tusekile, si ya binti yako!"

"Binti yupi tena, mwalimu? Na huyo Tusekile ndiye nani?"

Anacheka kwa adabu, kama unavyomcheka mgeni aliyekosea nyumba. Anairudisha sahani kabatini.

Jamani, niliogopa. Nimewahi kuogopa wakaguzi, nimewahi kuogopa nyoka chooni, lakini si hivi. Nikaingia kwenye kabati lilelile mbio, nikatokea darasani. Nje, kile chuma cha kugongea kengele kimeinuka chenyewe, hakuna aliyekishika.

"Sababu," likasema daftari.

"Alinicheka."

"Watoto hucheka wakiwepo. Nimeuliza kwa nini hayupo."

Watoto sitini wananitazama. Sweta nalo. Kuna maneno ambayo mwalimu hayasemi mbele ya wanafunzi, afadhali umng'oe jino. Nikatazama pale dawatini, pale ambapo mtoto wa watu alikuwa na kichwa na meno na kelele zake, na uchungu ukanipanda.

"Kosa ni langu," nikasema. "Zipu ilikuwa wazi, mtoto akaniambia kweli, nikaona aibu, nikamfuta. Alikuwa na haki ya kucheka. Hata mimi ningecheka."

"Usiniambie mimi. Andika."

Naandika. Kalamu inakwaruza, chuma kinashuka, bado neno moja, bado herufi mbili.

Ngoo!

Nikaamka jasho linanitiririka. Kumekucha, mke wangu yuko jikoni anakoroga uji. Simu ikaita mara moja kando ya kitanda. Ujumbe, kutoka kwa mama yake Tusekile:

"Mwalimu habari za asubuhi, samahani kukusumbua mapema hivi. Huyu binti ameamka anacheka hanyamazi, anasema mwalimu amekubali. Eti umekubali nini?"