Mtu wa Kumtazama Omwenga

Pakiti mbili zililala bega kwa bega juu ya meza, moja tupu, nyingine haijafunguliwa. Omwenga alilifuata kwa ncha ya kalamu lile jina refu la dawa lililoandikwa kwa maandishi madogo, herufi baada ya herufi, kwanza kwenye pakiti ya zamani, kisha kwenye mpya. Herufi zote zililingana. Kilichobadilika ni jina kubwa la juu, na rangi: vidonge alivyovizoea kwa miaka mitatu vilikuwa vya manjano, hivi vilikuwa vyeupe kama chaki.

"Dawa ni ile ile," Firdaus, muuza dawa wa mjini Kisii, alikuwa amemwambia jana yake. "Ile ya kampuni ya kwanza hatuletewi tena. Wengi hawaoni tofauti yoyote. Ila wiki chache hizi, mwombe mtu wa nyumbani akutazame. Mtu akianza kuzama, mwenyewe huwa wa mwisho kujua."

"Sawa," Omwenga alijibu. Hakumwambia kwamba nyumbani hakuna mtu.

Alimeza kidonge cheupe cha kwanza kwa chai ya rangi. Hakukishuku kidonge, alijishuku mwenyewe. Mwaka uliopita, wakati wa masika, alidhani amepona, akaacha dawa. Alizama taratibu, kama jiwe kwenye tope, hadi akalala ndani siku kumi na mbili. Kazini alituma ujumbe kwamba ni malaria. Watu walimtumia pole kwa simu, na pole ya simu haibishi hodi.

Sasa aliyapitia majina kwenye simu hiyo hiyo. Kaka yake alikuwa Mombasa. Mzee wa kanisa angemwombea mbele ya watu wote, kwa jina lake kamili. Akaizima.

Mchana alikuwa mahali pake pa kila siku, kituo cha kununulia majani chai, upande wa Itumbe, ambako yeye ndiye karani. Bibi mmoja, Esnah, ambaye kila mtu alimwita Magokoro, yaani nyanya, alimwaga majani yake mezani. Omwenga aliyachambua, akatupa kando matatu yaliyokomaa.

"Haya ni magumu, Magokoro."

"Hata mimi ni mgumu, karani, na bado sijatupwa."

Foleni nzima ilicheka. Omwenga akapima, akaandika.

Lori la kubeba majani lilichelewa. Wengine walipotawanyika, Magokoro alibaki ameketi juu ya gunia lake, akipumzisha magoti. Omwenga alisogea karibu naye.

"Magokoro, nina ombi."

"Kama ni la kunioa, umechelewa."

"Nimebadilishiwa dawa. Dawa ya..." Alitafuta neno. "Ya moyo kuwa mzito. Ukiona nimebadilika, uniambie."

Bibi hakucheka. Alisugua kidole gumba chake, kilichokuwa cheusi kwa utomvu wa chai.

"Mwaka jana, kabla ya ile malaria yako, ulipima majani yangu wiki mbili bila kutupa hata moja. Nikaanza kuchanganya magumu makusudi, nione kama utagomba. Hukugomba."

Omwenga alitazama chini. "Kumbe uliona."

"Kwani mimi ni kipofu? Niliona. Sikujua tu kwako ni wapi."

Upepo uliinua vumbi la majani makavu, ukaliacha. Omwenga alifungua mdomo, akagundua kwamba tangu ahamie huku hajawahi kumwelekeza mtu nyumbani kwake.

"Ukishika njia ya Sironga," alianza, polepole, "ukifika kwenye posho mili, pale wanaposaga unga, unashuka kushoto. Utaona migomba mitatu. Mlango ni wa bluu."

"Posho mili," Magokoro alirudia, akihesabu kwa vidole. "Kushoto. Migomba. Bluu." Akainua macho. "Una mbwa?"

"Sina."

"Vizuri," alisema, akianza kukunja gunia. "Mbwa tu ndiye angenirudisha."