Vitonge Kwenye Kizingiti

Karani alianza kukonda wiki ile ile tuliyomzika dada yangu. Alikuwa poni wa rangi ya majivu, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Dada alimwita Karani kwa sababu alimkagua mifuko kila mtu aliyeingia uani, na asiyekuwa na karoti alisukumwa kando kama mtu aliyekuja ofisini bila fomu. Watoto wa mtaa mzima walijifunzia kupanda farasi mgongoni kwake. Dada aliwafundisha, Karani akawavumilia.

Dada alikuwa akilala chumba cha pembeni, jirani na banda, na ni yeye peke yake aliyewalisha farasi. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye foleni ya posta. Farasi wengine wawili walikuja kuchukuliwa na wenyewe, akabaki Karani, na ubao uliotundikwa juu ya pipa la maji. Uliandikwa kwa rangi, kwa mkono wa dada: *Karani: nyasi kavu, mafungu mawili asubuhi, mawili jioni.* Niliufuata neno kwa neno. Hakuna aliyethubutu hata kuufuta vumbi.

Asubuhi ya tano nilikuta vitonge. Vilikuwa vitatu, kwenye kizingiti cha banda, upande wa nje: nyasi zilizosokotwa, zenye urefu wa kidole gumba, bado zina unyevu, zimekazwa kama vile mtu amezifinyanga kwa viganja.

Dada alikuwa na tabia hiyo. Akiwaza, mikono yake haikutulia. Tiketi, jani, kipande cha gazeti, chochote alikisokota mpaka kikawa kitonge, akakiacha pale alipokuwa amekaa. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe ukipotea hatutahitaji polisi. Tutafuata takataka zako."

Nilitazama huku na huku. Ua ulikuwa mtupu. Mlango wa chumba cha dada ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha. Niliviokota nikavitia kwenye kopo.

Kesho yake vilikuwa vinne. Nikampelekea Mama kimoja.

Mama hakuwa amekula chochote cha maana tangu mazishi. Alikuwa akinywa chai ya rangi na kutazama ukuta. Alikishika kile kitonge, akakinusa, akafumba macho.

"Amepita," alisema.

Kisha akavuta sahani, akala mkate wote.

"Tusimwambie kaka yako," aliongeza huku mdomo umejaa. "Yule hata kivuli chake anakidai risiti."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Mama aliuliza kutoka jikoni, "Amekuja?" Nami nikajibu idadi. Mama akala. Uso wake ukaanza kurudi, huku mbavu za Karani zikianza kuonekana.

Kaka alimwita daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito na buti zilizomfika magotini. Alimpima Karani joto, akamsikiliza moyo, akaweka sikio tumboni.

"Moyo wa mzee, lakini unafanya kazi," alisema. "Akila, anaangusha chakula?"

Nilitazama buti zake. "Hapana."

"Una hakika?"

"Haangushi kitu."

Akajaribu kumfungua mdomo. Karani akarusha kichwa, akamkosakosa pua. "Haya, mzee, tusigombane," daktari alisema, akachukua damu akaenda zake. Majibu yakarudi: damu safi.

"Anaomboleza," kaka alisema mezani. "Wanyama huomboleza. Nimesoma."

"Umesoma wapi wewe?" Mama akamjibu. "Hata maelezo ya dawa ya kikohozi unaomba usomewe."

Kaka hakucheka. "Mama, nenda kamwone. Mbavu zinahesabika. Kumwacha hivi ni ukatili. Ijumaa daktari anakuja na sindano ya mwisho."

Nami nilipenda kuamini kwamba anaomboleza. Niliwaza kwamba dada anakuja alfajiri, anakaa na Karani, anasokota nyasi akimweleza mambo ambayo sisi hatukuwahi kumpa nafasi ya kuyasema. Niliwaza kwamba anamwita, na kwamba Karani atamfuata.

Alhamisi niliamka mapema nikakaa juu ya ndoo pembeni ya banda. Nilitaka kumwona. Sijui ningemwambia nini.

Kulipopambazuka, Karani alichukua nyasi, akatoa kichwa juu ya mlango mfupi. Akatafuna. Akainamisha kichwa upande, akatafuna tena kwa shida, kama mtu mwenye jipu mdomoni. Halafu akafungua mdomo, na kitonge kikadondoka kwenye kizingiti. Akakitazama. Akarudi ndani kuchukua nyasi nyingine.

Nilitazama mpaka cha tano.

"Amekuja?" Mama aliita.

"Vitano, Mama," nikasema. Nikasikia kisu kikikata mkate.

Siku nzima sikuweza kumtazama yule poni.

Ijumaa daktari alifika na mkoba mwingine. Kaka alishika hatamu. Mama alikuja akasimama nyuma yetu, amejitanda khanga, amekunja ngumi. Nilijua ndani ya ngumi kuna nini. Daktari alipofungua mkoba, nilikimbia ndani nikaleta kopo, nikalimimina lote juu ya mfuniko wa pipa.

"Nilikudanganya," nikasema. "Anaangusha. Tangu wiki ya kwanza."

Daktari aligeuza kitonge kimoja kwa ncha ya kidole.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema. "Nusura kilio kiwe chake."

Alimpa Karani sindano ya kumtuliza, akamwekea chuma cha kushikilia taya, akamulika tochi. Magego matatu hayakuwepo. Yaliyobaki yalikuwa yamelika, laini kama kokoto za mtoni.

"Huyu haombolezi. Ana njaa. Wiki tatu na nusu chakula kiko mbele yake na hawezi kukisaga. Kabla ya hapo alikuwa anakula nini?"

Kaka akaonyesha ubao. "Hivyo."

"Uliandikwa lini?"

Kaka alifikiri. "Niliutundika mimi. Miaka kumi na moja iliyopita."

Tulifungua chumba cha dada. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia la pumba na ndoo yenye ukoko uliokauka. Alikuwa akimloweka chakula kila alfajiri, kimyakimya, kwa sababu kaka alikuwa akisema kila mwaka kwamba farasi asiyeweza kula kama wenzake auzwe.

Kaka aliketi kwenye kitanda cha dada, akainamisha kichwa.

Mama alikuwa amebaki uani. Alifungua ngumi, akakitazama kitonge chake.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "nimekuwa nikila kwa njaa yake."

Akaingia chumbani mwa dada. Akachukua ndoo, akaisuuza, akachanganya pumba na maji ya moto, akapima joto kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Karani alikuwa bado na usingizi wa dawa. Mama akamsubiri amesimama, karibu saa nzima, akikataa kiti. Karani alipozinduka alizamisha mdomo wote ndani ya ndoo, na sauti ya kula kwake ikajaa ua.

Jioni ile Mama hakula.

Asubuhi nilimlisha Karani, nikafagia kizingiti kisichokuwa na kitu, nikaingia jikoni. Mama alikuwa mezani, mkate mbele yake.

"Leo?" aliuliza, kwa mazoea.

"Hakuna, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Akamega kipande kidogo, akakitia mdomoni, akatafuna polepole upande mmoja. Niliketi mkabala naye nikiitazama taya yake, nikisubiri ameze.