Ng'ombe wa Karatasi

Enzi za foleni zilikuwa zimekwisha. Watu waliozoea kulala nje ya duka la ushirika wakisubiri kipande cha sabuni, sasa waliikuta sabuni imepangwa mpaka darini, ya kila rangi. Kilichoadimika ni pesa ya kuinunulia. Ndipo wenye maduka wakabuni kadi za mali kauli: mteja anayeaminika anachukua mali leo kwa neno lake tu, mwenye duka anaandika kwenye kadi, mwisho wa mwezi mteja analipa. Si kila mtu aliyepewa.

Keraryo, fundi wa vyerehani wa Mwisenge mjini Musoma, alipewa na watatu: Danford wa mtaa wa Mukendo mjini hapo, Skolastika wa Butiama na Bernado wa Bunda. Pikipiki yake ilizunguka miji hiyo yote kuwafuata washonaji, na mwisho wa mwezi haukuwahi kumpita hajalipa. Kadi zile alizibeba kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akazitungia na ubeti:

Kadi tatu mfukoni, shida ikija nacheka,
Musoma wakinihini, Bunda nitakwenda teka.

"Umeanza," alisema mkewe Robi, akichambua dagaa mlangoni. "Mwenzako anaweka akiba, wewe unaweka vina."

"Akiba ya noti inaliwa na bei, mama Wegesa. Noti ya jana leo hainunui hata kiberiti. Mimi nimefuata mila. Babu yangu alikuwa na ng'ombe wengi, lakini zizini kwake ungekuta wachache. Wengine aliwaweka kwa marafiki huku na huko. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa babu. Wezi wakija usiku hawawezi kummaliza. Na mimi nimeweka kwa watatu, ila wangu hawanyi uwanjani."

Robi alikuwa binti wa wafugaji. Mambo ya zizi hakufundishwa na mtu aliyekulia kwenye mafuta ya cherehani. "Na hao ng'ombe wako wa karatasi wanakunywaga maji wapi?"

"Karatasi hainywi maji."

"Haya. Na yule wa kweli, aliyeachwa na babu yako kwa Machage kule Butiama? Umemwona lini?"

"Yule ni wa ukumbusho tu," alisema Keraryo, akapiga pikipiki teke ikawaka.

Shida haikuchelewa kuja kuujaribu ubeti. Asubuhi moja binti yao Wegesa, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, aliamka amejikunja kama jongoo, tumbo gumu kama ngoma, akitapika kijani. Wakampakia katikati yao kwenye pikipiki mpaka hospitali.

Daktari alimbonyeza tumbo, akamtazama Keraryo bila kuzungushazungusha maneno. "Utumbo umejisokota. Huyu anafunguliwa leo, kabla jua halijazama. Chumba kipo na mikono ipo. Dripu hatuna, uzi wa kushonea hatuna, na dawa ya usingizi imekwisha. Duka la dawa ng'ambo ya barabara lina vyote. Mkileta, tunaanza."

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile, na hakuna aliyeshangaa. Keraryo alivuka barabara. Muuza dawa alimtajia bei, akaongeza kwamba dawa haina mali kauli. Pesa ya Keraryo yote ilikuwa imelala kwenye vipuri alivyonunua juzi. Hata hivyo alirudi kwa mkewe akiwa amenyoosha mabega.

"Kaa naye. Nakwenda kwa Danford kuchukua gunia la sukari kwa kadi. Sukari inauzika hata kwa mtu aliyelala. Naigeuza noti, nanunua dawa, nimerudi."

Robi alimfuta mtoto jasho. "Nenda. Usirudi na sukari."

Danford alikuwa amekaa juu ya kaunta yake, miguu inaning'inia, rafu nyuma yake zimejaa pomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Kadi zimesimama, fundi."

"Mimi nina deni lako?"

"Huna hata senti. Ningekuwa na wateja kumi kama wewe ningejenga ghorofa. Tatizo si wewe. Mali hii yote naletewa kwa kauli na tajiri wa Mwanza. Jana kamtuma mtu wake: kuanzia sasa pesa mkononi, na kila gunia unaloliona humu limehesabiwa. Nikikupa moja, kesho lori halisimami hapa. Nilichonacho mfukoni ni hiki." Akampa noti chache, zisizotosha hata uzi. "Si mkopo. Ni za mtoto."

Keraryo alishukuru, akatoka. Moyo wake ulikuwa bado juu. Musoma walikuwa wamemhini. Ubeti ulikwisha kulisema hilo. Akaijaza pikipiki petroli kwa noti zile, akashika barabara ya Butiama, akipita waendesha baiskeli wenye mizigo ya mkaa kama vile wamesimama.

Skolastika, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akifagia mbele ya duka. Kabla Keraryo hajashuka, Skolastika alikwisha kuiona kadi mkononi mwake.

"Irudishe mfukoni, mdogo wangu. Zimekufa."

"Na wewe? Nani kakuambia?"

"Mtu wa tajiri alilala hapa juzi, akala ugali wangu, asubuhi akanipa habari hiyo badala ya ahsante."

"Tajiri gani?"

"Wa Mwanza. Kwani wapo wangapi?"

Keraryo aliigeuza pikipiki. "Basi naendelea Bunda, kwa Bernado."

"Bernado?" Skolastika akaegemea ufagio. "Utachoma petroli ya bure. Lori ni lilelile moja. Linaanza kwa Bernado, linakuja kwangu, linamalizia kwa Danford. Sisi wote tunakunywaga kwake."

Neno lile lilimpiga Keraryo kifuani. Alisimama na kadi yake mkononi, akamwona akilini babu yake akiwaswaga ng'ombe safari ndefu kupita maboma ya marafiki wa karibu, ambao nao wangewapokea kwa furaha. Kwa nini mbali hivyo? Kwa sababu maboma ya karibu yalinywesha bwawa moja, na ugonjwa ukiingia kwenye bwawa hauulizi ng'ombe huyu ni wa zizi gani. Alikuwa ameishika nusu ya mila na kuitungia shairi. Nusu nyingine mkewe alimuuliza akichambua dagaa, naye akaipuuza.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Hakupoteza muda kujilaumu. Mtu anayezama hajikaripii, anapiga maji. Huku Butiama palikuwa na kitu chake kimoja kisichokunywa Mwanza.

Boma la Machage lilikuwa nyuma ya mawe makubwa, nje kidogo ya kijiji. Machage alikuwa akiziba ukuta wa zizi kwa miiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani huyo? Keraryo? Nilidhani umeshakuwa Mhindi, unaishi dukani."

"Nimestahili hilo, baba. Binti yangu anapasuliwa leo na sina dawa ya kumlaza."

Machage aliacha miiba. Hakuuliza mbona hukuja siku zote, wala hakudai maziwa aliyokwisha kunywa kuwa ndiyo malipo. Ng'ombe wa kuwekwa ana sheria moja tu: mwenyewe akija na shida, kamba inafunguliwa. "Yule wa babu yako alizeeka, akafa. Ngozi yake nimeitunza uione. Lakini aliacha mitamba miwili na dume lile jekundu. Chagua."

"Dume."

Walimswaga pamoja mpaka kwa mchinjaji wa gulioni. Mchinjaji aliponusa haraka ya Keraryo, akataja bei ya mbuzi.

"Huyu si wako leo," Machage alimwambia kwa upole. "Nitamrudisha zizini, halafu wewe utakuwa unakuja kwangu kununua kwato."

Mchinjaji akacheka, akaongeza, akahesabu noti. Keraryo alizifunga ndani ya shati pale zilipokaa kadi, na pikipiki ile haijawahi kukimbia vile tena.

Jua lilikuwa limeshika miti ya Mwisenge dawa zilipokamilika na Wegesa akasukumwa chumba cha upasuaji. Lilipozama, daktari alitoka akivua kofia. "Utumbo umenyooka. Ana bahati, na ana baba mwenye mbio."

Robi alikaa chini pale pale sakafuni, akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa khanga. Kisha akamtazama mumewe, aliyejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umetumia kadi ipi?"

"Yenye mkia."

Robi alicheka mpaka nesi akamnyamazisha.

Msimu wa pamba ulipokwisha, kijana mmoja alifungua duka jipya Mwisenge, akamwita Keraryo amwandikie kadi. Wengine walishangaa kwamba fundi bado anazipokea. Kwake kadi haikuwa na kosa. Ya Danford alikuwa nayo bado, imefufuka tajiri alipolegeza masharti. Ya Skolastika na ya Bernado alizirudisha kwa heshima, maana lori lilikuwa lilelile. Kwa Machage alikuwa amepeleka mtamba mwingine.

"Mali yako unaitoa wapi?" alimuuliza kijana.

"Sirari, mpakani. Naifuata mwenyewe."

"Hata sabuni?"

"Hata kiberiti, fundi. Mbona unanihoji kama polisi?"

"Andika," alisema Keraryo, akavuta kiti.