Mtungi Uliorudishwa

Wakubwa wa reli walipomwambia kwamba macho yake hayafai tena kukagua mabehewa, Zaidi hakunung'unika. Alirudi chumbani kwake Majengo, akavua viatu, akamwambia mkewe Mwantum, "Tunahama." Mtu mwingine angekaa kwanza, aulize huku na huku. Yeye alikuwa ameshaamua tangu mwaka uliopita, siku walipomkuta mzee Seleman amekufa barazani.

Seleman alikuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni ya Moshi. Alipoishiwa nguvu alishindwa kodi, mwenye nyumba akamtolea kitanda nje kwa maneno ya upole kabisa, na mzee akahamia kwenye baraza la duka. Alikaa pale masika mawili. Walipomwinua asubuhi ile, Zaidi ndiye aliyeshika miguu, na miguu ilikuwa myepesi mno. Tangu hapo hofu yake ilikuwa moja tu: kufa nje ya ukuta wake mwenyewe. Yeye na Mwantum hawakujaliwa mtoto. Nani angewaingiza ndani?

Ushauri haukukosekana, maana ushauri ni kitu cha bure. Amne, dada yake Mwantum, alitaka wabaki Majengo, karibu na msikiti na watu waliowazoea. Rafiki mmoja wa reli alisema waende tambarare, kunakogawiwa mashamba mapya.

"Tambarare mtu hulima mahindi akarudi nyumbani," Zaidi alimjibu. "Mchaga gani anazikwa tambarare? Mimi nina kihamba, shamba la migomba la ukoo, Kilema mlimani. Marehemu baba alinipimia mwenyewe, akapanda masale ya mpaka pembe zote nne."

Hilo lilikuwa kweli. Kabla hajawa Zaidi alikuwa Leodegar, kifungua mimba wa baba yake, mbatizwa wa misheni ya Kilema. Alishuka mjini kutafuta kazi, akampata Mwantum, akasilimu, akaoa. Kihamba chake akamwachia mdogo wake Primus akitunze, migomba isife na magugu yasipande. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Mwantum alifikiri siku tatu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa hayarudii. "Nitakwenda," akasema. "Lakini unajua kwenu wanakunywa. Mimi sitalala penye mbege, pombe yenu ile ya ndizi."

"Kwangu haijaingia miaka yote hii. Ianze kuingia uzeeni?"

Basi wakarudisha chumba kwa mwenye nyumba, na siku hiyohiyo akaingia fundi cherehani na familia yake. Wakauza kitanda na kabati. Kilichobaki wakakifunga mafurushi mawili, moja la mume na moja la mke, na Jumapili moja ya mwaka hamsini na tatu wakapanda mlima.

Kilema walifika watu wakiwa wametoka misa. Zaidi alikitambua kihamba chake kwa yale masale tu. Migomba ilikuwa minene, mfereji umesafishwa, na katikati ya migomba mibuni imepandwa mistari mpaka bondeni, imezaa matawi yameinama. Nyumba ilikuwa pale, ya bati, na mlangoni amesimama Primus, mvi zimemjaa, amezungukwa na wanawe sita.

"Kaka Leodegar," akasema. "Shikamoo. Shikamoo shemeji. Karibuni. Mmekuja kututembelea?"

"Nimestaafu. Nimerudi kwangu."

Primus alimtazama kaka yake, akatazama mafurushi. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alimwambia mwanawe mkubwa, "Mfuate mzee Basili. Mwambie aje na wazee wengine. Neno lile limefika."

Neno lenyewe lilikuwa la miaka ishirini na miwili. Mlimani, mtu akishika kihamba cha mwenzake, kila mwaka humpelekea mwenye kihamba mtungi wa mbege. Si malipo, wala si zawadi. Mwenyewe akinywa, ardhi imesema ni ya nani. Karatasi hapana, muhuri hapana. Ni koo la mwenye kihamba na macho ya shahidi. Mwaka wa thelathini na moja Primus aliushusha mtungi mpaka Majengo, na Basili, jirani yao, akaja kuwa shahidi. Zaidi alikuwa ana miezi minne tu katika dini, na majirani wapya walikuwa wamejaa mlangoni wanamtazama huyu Mchaga aliyesilimu juzi. Aliona aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Rudi nao," alimwambia mdogo wake. "Usiniletee tena kitu hiki."

"Unaukataa, kaka?"

"Naukataa. Sisi tumenyonya ziwa moja. Mtungi wa nini kati yetu?"

Primus aliuliza mara tatu, kama inavyotakiwa, na mara tatu akajibiwa vilevile. Zaidi aliona amesema maneno mazuri ya kindugu, tena amemheshimisha mke wake mbele ya mtaa. Angeweza kuomba maziwa badala ya mbege, au mkungu wa ndizi, wazee wangekubali. Hakuomba. Aliondoka mlimani kijana, na mambo ya vihamba huyajua aliyekaa na wazee, si aliyekaa na mabehewa.

Wazee walikaa uani kwenye vigoda. Basili alikuwa mkubwa wao, amekonda, lakini macho yake yalikuwa bado yanaona mbali. Mwantum aliketi pembeni juu ya furushi lake, kanga kichwani.

"Shikamoo, mzee," Zaidi alisema.

"Marahaba, Leodegar. Nilikuwapo siku ile. Ulikataa mara tatu. Mwaka uliofuata Primus akauliza mbele yetu, afanye nini? Tukamwambia panda kahawa, jenga. Mtu hapandi kahawa kwenye kihamba cha mwingine. Amepanda sisi tukiona."

"Sikukataa kihamba, mzee. Nilikataa pombe. Dini yangu."

"Dini yako hatuna ugomvi nayo. Lakini mtungi haukuwa wa dini."

Zaidi alisogea mbele ya wazee. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuombaomba, jambo ambalo alilichukia hata alipokuwa analisema, "Wazee wangu, sina pengine. Chumba nimerudisha. Mnataka nikafe barazani?"

Wakanong'onezana kwa Kichaga muda mrefu. Primus alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, wanawe wamesimama nyuma yake. Walikuwa sita, na ardhi ya mlima haiongezeki. Mkubwa alikuwa na mke na hana pa kujenga. Zaidi aliyaona hayo yote, na tuseme ukweli, moyo wake haukumwonea mdogo wake huruma hata kidogo. Hofu ilikuwa imeujaa, hapakuwa na nafasi.

Basili akakohoa. "Damu ni damu. Tumeona hivi. Mbege iko ndani, imeiva leo. Primus akupe kwa mkono wake. Ukinywa mbele yetu, umekunywa mitungi yote iliyopita, na kihamba ni chako. Primus atatafuta pengine. Usipokunywa, usirudi tena na neno hili."

Primus aliingia ndani, akatoka na kata ya kibuyu imejaa mpaka ukingoni, povu juu. Alipiga goti mbele ya kaka yake kama desturi inavyotaka, akampa.

Zaidi alimtupia Mwantum jicho. Mwantum alikuwa anamtazama. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Alimwachia mumewe aamue.

Kukataa kulikuwa na heshima yake. Kunywa nako, ungesema ni udhaifu wa mtu mwenye hofu, na Mungu anasamehe. Zaidi hakuchagua hata moja. Alijiambia: nitainua, nitalowesha midomo, nitafunga koo. Wazee wataona nimekunywa, na mimi nitakuwa sikunywa. Akainua kata kwa mikono miwili. Mbege ikamlowesha masharubu, tamu na chachu, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, akashusha, akajifuta kwa kiganja.

"Asanteni, wazee wangu," akasema.

Basili aliinuka kwa kujikongoja, akaja mpaka mbele yake, akachungulia ndani ya kata. Kisha akamnyooshea kidole kooni.

"Koo halikutembea," akasema. "Mimi nimeshuhudia mitungi tangu baba yako hajaoa. Nilikuwa natazama koo, si kata." Akawageukia wenzake. "Kukataa ni neno la mwanamume, tulilisikia na tulikuheshimu. Lakini kuwachezea marehemu na kata ya uwongo! Baba yako amelala hapo nyuma ya migomba, Leodegar. Kihamba ni cha Primus. Tumemaliza."

Mshika mbili moja humponyoka, ndivyo tulivyofundishwa. Zaidi aligeuka amtafute mkewe, akaona mahali pale pembeni pako wazi. Mwantum alikwisha beba furushi lake. Aliondoka kata ilipogusa mdomo, hakungoja kusikia habari za koo.

Zaidi alimkuta njiani, karibu na mfereji mkubwa.

"Mwantum! Sikumeza!"

"Usinisogelee. Unanuka."

"Wallahi sikumeza hata tone. Nililowesha midomo tu."

"Nilikuona kwa macho yangu," Mwantum alisema, akaendelea kushuka.

Hapo Zaidi akafanya jambo la mwisho alilobakiwa nalo. Alipanda tena mbio, mzee wa watu, pumzi zinamwishia, akamshika Primus mkono. "Njoo umwambie. Wewe ulikuwa karibu. Mwambie sikunywa."

Primus alimtazama kaka yake kwa mshangao. "Nikisema hivyo mbele yake, kaka, umenipa kihamba kwa kinywa chako. Hata mahakamani kwa mangi hutaweza kudai tena."

"Mwambie tu."

Wakashuka pamoja, wakamkuta Mwantum amesimama, ameshusha furushi kupumzisha kichwa.

"Shemeji," Primus akasema, "naapa kwa kaburi la baba yetu. Kaka hakunywa. Alijifanya anakunywa. Ndiyo maana amekosa."

Mwantum alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga, lakini sauti ilikuwa kavu. "Nimekusikia, shemeji. Asante." Kisha akamgeukia mumewe. "Mtu aliyenioa alisema hapana mlangoni, mtaa mzima unatazama. Ungesema hapana leo, ningelala nawe barazani. Ungekunywa kwa sababu unaogopa kufa nje, ningelia, halafu ningekuombea. Wewe umetaka wao waone unakunywa na mimi nijue hunywi. Sasa mimi niishi na yupi?"

Primus akaona aibu kusimama pale, akaaga, akarudi kwa wanawe.

Walishuka mpaka barabara ya Himo, mke mbele, mume nyuma kwa hatua ishirini. Kila mume alipoharakisha amfikie, mke naye aliharakisha. Jua lilikuwa limeanza kuinama lilipotokea lori la mahindi linalokwenda Moshi. Mwantum akalipungia mkono, likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani, akamtazama mama huyu na mzee aliyekuwa anakuja mbiombio na furushi kichwani.

"Mko wangapi, mama?"

Mwantum alikuwa amekwisha weka mguu juu ya ngazi. Hakugeuka nyuma.

"Mmoja," akasema.