Kwa Mwanabaraka

Makonda wa njia ya Bagamoyo hawana haya, jamani. Lori lilipomgonga Mwanabaraka pale Zinga, akivuka kwenda shule, wiki haikuisha wakaanza: "Ajali! Wa Ajali mpo? Haya, shuka Ajali!" Kituo kikapata jina, kama vituo vingine vinavyoitwa kwa mwenye duka au mwenye mashine ya kusaga. Hakuna aliyewaza kwamba mama wa yule mtoto anauza maandazi papo hapo kituoni, na masikio anayo.

Sikuzani alikuwa akiitwa Mama Mwanabaraka tangu alipomzaa mtoto huyo, mmoja tu aliyejaliwa. Baada ya maziko, majirani wakaliacha hilo jina. Walidhani wanamsitiri. Wakawa wanamwita dada Sikuzani, kwa sauti za chini za kumwonea huruma, naye anaitika, kumbe moyoni anaungua. Alitamani mtu mmoja tu, hata kwa kuteleza ulimi, alitaje jina la mwanawe. Mwenyewe hakuweza. Kila akijaribu anaishia kukohoa na kusingizia moshi.

Ikaja habari kwamba barabara itatengenezwa: vituo vyenye paa, matuta, michoro ya pundamilia ya kuvukia watu, na mabasi makubwa yatakayosimama kituoni tu. Sikuzani akamfuata Ally, mwenyekiti wa kitongoji.

"Mwenyekiti, mimi sitaki kingine. Kituo chetu kiitwe..." Akakwama.

"Nimekuelewa, dada," Ally akasema. "Kiitwe kwa mwanao. Niachie mimi."

Lakini siku mainjinia walipokuja, Ally alikuwa kwenye msiba Kiromo. Injinia mmoja, mpole, akaja kununua andazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Hapa panaitwaje? Tunataka tuandike kibao."

Haya, Sikuzani, sema! Ndiyo saa yako hiyo! Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Injinia akangoja, andazi mkononi, bila haraka yoyote. Machozi yakatangulia maneno. Farhan, fundi baiskeli wa pale jirani, mtu mwema asiye na kinyongo na yeyote, akaona amwokoe dada Sikuzani na fadhaa.

"Hapa Ajali, mkuu," akasema. "Kila mtu anapajua."

Injinia akashukuru, akaenda zake.

Kibao kikasimikwa, cha bluu, herufi nyeupe: AJALI. Ally alirudi, akahangaika huko maofisini, akaambiwa majina yameshapitishwa. Akaja kumwomba radhi Sikuzani, na hata kwenye radhi yenyewe hakulitaja jina la mtoto.

Pundamilia nao wakachorwa. Loo, magari yakaanza kusimama! Watoto wa shule wanavuka wameshikana mikono, malori yanangoja kwa adabu zao zote. Sikuzani akawa anaacha maandazi yaungue akiwatazama, analia kwa furaha na kwa hasira, asijue ipi imezidi. Rangi, jamani! Rangi tu ndiyo iliyokosekana siku ile.

Juzi alikwenda mjini Bagamoyo kununua unga. Wakati wa kurudi akapanda basi jipya, akapata kiti dirishani. Konda, msichana mwenye sare safi, akamwinamia kwa heshima.

"Unashukia wapi, mama yangu?"

Sikuzani akavuta pumzi.

"Kwa Mwanabaraka."

Likatoka! Jina zima, kwa sauti, mara ya kwanza tangu kuzika. Konda akakunja uso, akafikiri kweli kweli.

"Samahani mama, njia hii hakuna kituo hicho."

"Kipo."

"Kiko wapi? Kabla ya Zinga au mbele?"

Sikuzani akageukia dirisha. Basi likapunguza mwendo, likasimama, mlango ukafunguka. Nje palikuwa na meza yake ya maandazi, na kibao.

"Ajali!" konda akaita. "Wa Ajali, shukeni!"

Watu wakashuka. Sikuzani hakuinuka. Mlango ukafungwa, wakaondoka, akashukia kituo cha mbele, Kerege. Akajitwika unga wake, akarudi kwa miguu pembezoni mwa barabara, akiliita lile jina njia nzima, kwa sauti, na hakuna aliyeitika.